Nilikosea nambari, na sasa mtu nisiyemjua ananipigia kila usiku

Swali: "Mtaalamu, nakusalimu. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Kayole, Nairobi. Wiki mbili zilizopita simu yangu iliharibika nikanunua nyingine, na kwa kuwa majina mengi yalipotea nilirudi kwenye daftari langu la zamani kumtafuta mzee anayeniuzia nyuzi na bitana pale Biashara Street. Akapokea mwanamume, tukasalimiana vizuri, nikamwambia ni mimi fundi wa Kayole karibu na steji, nikamuuliza kama bitana nyeusi imefika. Tulizungumza karibu dakika mbili kabla hajaniambia kwamba yeye si muuza nyuzi. Nikaomba radhi, nikakata. Jioni hiyo alipiga mara tatu. Sasa hupiga hata saa tano usiku, huniandikia kwenye WhatsApp, na juzi aliniita kwa majina yangu mawili ya kitambulisho ambayo sikumtajia. Kesho yake nikapata ujumbe kwamba nimetumiwa shilingi 3,500, kisha mtu mwingine akapiga akitaka nizirudishe. Je, anaweza kuingia kwenye M-Pesa yangu? Anajua ninapokaa? Nibadilishe laini, ilhali wateja wangu wote wanaijua hii? Mume wangu ameanza kuuliza huyu ni nani, na nikimwambia nilikosea nambari naona haamini."

Dada yangu, nianze na lile linalokunyima usingizi. Hapana, mtu huyo hawezi kuingia kwenye M-Pesa yako kwa sababu ulimpigia, wala kwa sababu anakupigia, wala hata ukipokea simu yake ukakaa kimya. Nimeulizwa jambo hili mara nyingi katika miaka niliyokaa kwenye dawati la huduma kwa wateja, na najua hofu yake ilivyo nzito kwa mtu ambaye mtaji wake wote umo ndani ya simu. Simu ya kawaida hubeba sauti tu. Akaunti yako hufunguliwa na vitu viwili vikiwa pamoja, yaani laini iliyo ndani ya simu yako na nambari ya siri iliyo kichwani mwako, na hakuna hata kimoja kinachosafiri na sauti yako, hata mngezungumza mpaka alfajiri.

Pesa hupotea kwa njia nyingine, na ni vyema uzijue ili uogope panapostahili kuogopwa. Mwenye hila hukubembeleza umtajie nambari yako ya siri, au zile tarakimu ambazo benki au WhatsApp hukutumia kwa ujumbe ili kuthibitisha kwamba ni wewe. Wengine hukuagiza ubonyeze nyota na reli zenye nambari katikati, wakidai unarekebisha mtandao, kumbe unaelekeza simu zako zote ziwaendee wao. Ikiwa una shaka kwamba umewahi kubonyeza kitu cha namna hiyo, piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwingine, na ukikuta hivyo, ##002# hufuta maelekezo yote. Njia nyingine ni mtu kujifanya wewe na kupewa laini mpya yenye nambari yako. Dalili yake ni simu yako kupoteza mtandao ghafla huku za majirani zikiwa nao. Kwa laini ya Safaricom unaweza kupiga *100*100# ili nambari yako isibadilishiwe laini na mtu mwingine. Katika yote uliyoniandikia sioni dalili kwamba lolote kati ya haya limekupata, lakini hiyo kufuli iweke leo.

Sasa hayo majina mawili, ambayo naona ndiyo yaliyokufanya uamini kwamba ana uwezo usio wa kawaida. Aliyapata kwa njia rahisi mno. Mtu akianza kutuma pesa kwa M-Pesa, mfumo humwonyesha jina la aliyesajiliwa kwa nambari hiyo kabla pesa hazijaondoka, na humpa nafasi ya kusitisha. Aliingiza nambari yako kana kwamba anakutumia chochote, akasoma majina yako, akasitisha, wala hakulipa hata senti. Huduma hiyo iliwekwa kwa nia njema kabisa, tena kwa ajili ya watu waliokosea nambari, kwa sababu pesa nyingi zilikuwa zikienda kwa wageni. Inasikitisha kwamba inatumika pia kuwatisha watu, lakini aliyesoma majina yako hapo hakusoma salio lako wala nambari ya kitambulisho chako.

Kuhusu zile shilingi 3,500, fungua ujumbe wenyewe na utazame juu kabisa, pale penye jina la mtumaji. Ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA na hukaa kwenye mfululizo uleule ulio na jumbe zako zote za zamani. Wa uongo huja kutoka nambari ya kawaida ya mtu, hata kama maneno yake yamenakiliwa neno kwa neno. Kisha angalia salio lako kwenye menyu ya M-Pesa yenyewe, wala usitegemee salio lililoandikwa ndani ya ujumbe. Ikiwa halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia, na anayekuomba urudishe anaomba pesa zako mwenyewe. Utume ujumbe huo kwa 333 kisha usimjibu. Ikiwa pesa ziliingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako hata akilia. Mwambie apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 ili kampuni irudishe yenyewe, kwa maana ukimtumia na yeye pia akaomba kurudishiwa, utalipa mara mbili. Wakati huo usiziguse. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inahesabu kuwa kosa kuzuia kwa makusudi malipo yaliyokufikia kimakosa. Kama tukio hilo linahusiana na huyo bwana au ni sadfa, siwezi kulikata kutoka hapa, na kwa hatua unazopaswa kuchukua halibadilishi chochote.

Anajua unapokaa? Nambari peke yake haimwonyeshi. Mtandao wa simu hujua umeshikwa na mnara upi, ila habari hiyo hukaa kwa kampuni, na hutolewa kwa vyombo vya dola kwa utaratibu wa sheria. Mtu wa kawaida hana dirisha la kuchungulia humo. Alichonacho ni kile ulichomwambia, yaani kwamba wewe ni fundi, uko Kayole, karibu na steji. Ongeza chochote kinachoonekana kwenye WhatsApp yako. Ikiwa picha yako umesimama mbele ya kibanda na jina la duka linasomeka nyuma yako, ibadilishe leo, na kwenye mipangilio ya faragha uweke picha na hali yako vionekane na watu uliowahifadhi tu. Wateja wako hawatapungukiwa na kitu.

Nataka tukae kidogo kwenye chanzo cha mkasa huu, kwa sababu naona unajilaumu kana kwamba ulifanya uzembe. Nambari ya simu ya mkononi hapa Kenya ina tarakimu 10 ukihesabu sifuri ya mwanzo. Tuweke kando mbili za kwanza, 07, au 01 ambazo tulianza kuziona mwaka 2019. Zinabaki 8. Kila moja kati ya hizo 8 inaweza kugeuzwa kwa bahati mbaya kuwa yoyote kati ya tarakimu nyingine 9, kwa hivyo kila nambari ina majirani 72 walio umbali wa kosa moja tu. Waongeze wale wa kupishanisha tarakimu mbili zinazofuatana, 417 ikawa 471, ambao huweza kufika 7 zaidi. Mfululizo wa 07 una nafasi milioni 100, na laini zinazotumika nchini zimeshapita milioni 60. Kwa msongamano huo, mara nyingi ukikosea tarakimu moja simu italia kwenye mfuko wa mtu.

Linganisha na kadi yako ya benki. Tarakimu yake ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM katika miaka ya 1950, hivyo ukikosea tarakimu moja mashine hugundua na kukataa papo hapo. Hata kifaa chako cha simu kina nambari ya namna hiyo. Ukibonyeza *#06# utaona tarakimu 15, na ya mwisho kazi yake ni kuzilinda zile 14. Nambari ya laini haina mlinzi huyo. Zamani, ulipounganishwa na opareta, alikuwapo binadamu wa kukuuliza unamtaka nani na wa wapi, na kosa likanaswa hapo. Mtambo wa sasa hauulizi. Unapokea tarakimu na kuzitii, na wa kwanza kugundua kosa ni yule aliyepokea.

Hata hivyo, kwa kisa chako nashuku daftari kuliko kidole. Nimeona madaftari mengi ya aina hiyo, yenye kurasa zilizolainika pembeni na nambari zilizoandikwa kwa haraka huku mtu ameshika simu kwa bega. Moja iliyopigwa kijimkia juu hufanana na saba, sifuri isiyofungwa vizuri huonekana kama sita, na kalamu ya penseli ikififia hula nusu ya nane ikabaki tatu. Fanya hivi bila kumpigia mtu yeyote: fungua rekodi ya simu zako, itafute ile uliyompigia siku ile, uiweke kando ya daftari na kulinganisha tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, kidole ndicho kilichoteleza. Zikilingana, basi ama iliandikwa vibaya tangu mwanzo, ama mzee wako aliacha laini hiyo na kampuni ikampa mteja mwingine. Hilo la mwisho hutokea sana. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na nambari yake hurudishwa sokoni.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Adabu yetu ya simu hutanguliza salamu. Tunaulizana hali, watoto, kazi na mvua kabla ya kutaja shida, na ni kawaida nzuri ambayo singependa ife. Ila humaanisha kwamba mtu aliyekosea nambari huzungumza kwa upole dakika nzima na mgeni, na mgeni naye huitikia kwa upole, kila mmoja akiona haya kumuuliza mwenzake ni nani. Swali hilo likija, aghalabu huja kwa aliyepiga, naye hujibu kwa jina, kazi na mtaa ili akumbukwe. Ndivyo ulivyofanya, na angefanya hivyo mtu yeyote aliyelelewa vyema. Siku nyingine salimia, kisha kabla hujajitaja sema, "Nimepiga nambari inayoishia 417, ya muuza nyuzi. Ndiyo hii?" Akikana, sema samahani, ukate. Tarakimu tatu hizo hazimpi chochote, nawe utajua hapo hapo kama kosa ni la kidole au la daftari. Usikate kimya kimya, kwa sababu akiona simu iliyokatika bila neno atapiga kuuliza ni nani, na hapo mazungumzo yanaanza upya.

Turudi kwa huyu bwana. Mwandikie mara moja tu: "Nilikosea nambari. Sikujui. Tafadhali usinipigie wala kuniandikia tena." Usiongeze matusi, wala maelezo, wala kuomba radhi upya. Kisha mzuie kwenye simu na kwenye WhatsApp, ila kabla ya kumzuia piga picha za skrini za jumbe zake na za orodha ya simu alizopiga, zikionyesha tarehe na saa. Wengi wa watu hawa huchoka wasipojibiwa. Wengine hurudi kwa laini nyingine, na hapo usianze mjadala mpya. Hifadhi ushahidi, zuia, endelea na kazi yako. Baada ya saa tatu usiku izime laini ya kazi. Mteja akikukuta hupatikani saa nne usiku atapiga kesho.

Kubadilisha laini sikushauri kwa sasa. Ni haki yako, na nimewaona watu waliopata amani kwa kufanya hivyo, lakini pima hasara yake. Wateja wa miaka watakupoteza. Nambari unayoiacha siku moja itapewa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea simu za wateja wako na jumbe za benki usipoiondoa kila mahali kwanza, kuanzia benki na WhatsApp mpaka eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na usajili wako wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali. Ukiona huwezi kuvumilia, njia ya katikati ni kununua laini ya pili, uwape familia na watu wa karibu, na hii ya kazi uiwashe asubuhi na kuizima jioni. Hilo hugharimu kidogo na unaweza kulitengua wakati wowote.

Kuna mahali ambapo ushauri wa kuandikiwa hautoshi. Akikutishia, akidai picha au pesa, akitaja nguo uliyovaa leo au saa uliyofunga duka, au akitokea kibandani, nenda kituo cha polisi ukiwa na zile picha za skrini. Hakikisha malalamiko yako yameingizwa kwenye kitabu cha matukio na usiondoke bila nambari ya OB. Ukitaka kuzungumza na afisa mwanamke, omba dawati la jinsia. Kampuni ya simu haiwezi kukupa wewe jina la mwenye laini, hata ukienda ofisini kwao na machozi, na ni vyema iwe hivyo, kwa maana vinginevyo na yeye angepewa lako. Polisi wanaochunguza ndio wanaoweza kupata habari hizo kwa kufuata sheria. Ile sheria ya 2018 niliyoitaja inashughulikia pia usumbufu wa mtandaoni, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10, kwa hivyo usikubali kuambiwa kwamba simu za usiku ni jambo dogo lisilo na mahali pake.

La mume wako nimeliacha nyuma, ingawa nahisi ndilo linalouma. Usimweleze ukiwa umesimama mlangoni na simu inalia. Tafuta wakati mmetulia, ufungue orodha ya simu mbele yake, na daftari liwe mezani. Ataona simu moja tu iliyotoka kwako, ya mchana, ya dakika mbili, na baada yake msururu mwekundu wa simu zilizoingia ambazo hukupokea. Mahusiano ya siri hayaachi orodha ya sura hiyo. Huenda akataka kumpigia huyo bwana amkaripie. Nimeona ikisaidia, na nimeona pia ikigeuka vita vya matusi vya wiki nzima, hivyo ningependelea ule ujumbe mmoja uliouandika uwe wa mwisho kutoka nyumba yenu. Na ikiwa mambo ya nyumbani yamefika mahali unaogopa kupigwa, au umeshapigwa, piga 1195 bila malipo, mchana au usiku. Huko utapata watu waliofunzwa kusikiliza na kukuelekeza, jambo ambalo mimi wa mambo ya simu siwezi kukufanyia ipasavyo.

Limebaki la muuza nyuzi, kwa maana kazi lazima iendelee. Usijaribu kubahatisha nambari yake kwa kubadilisha tarakimu moja moja, kwani utawapigia wengine miongoni mwa wale majirani 72. Angalia kama una risiti yake ya zamani, aghalabu nambari huwa imepigwa muhuri chini. Kama huna, panda matatu siku ya kwenda mjini kununua vitambaa, upite Biashara Street umwone mwenyewe. Andika nambari yake kwa vikundi vya tarakimu tatu tatu, saba uikate katikati kwa kamstari, na kwenye simu majina yahifadhiwe kwenye akaunti yako ya Google badala ya kifaa chenyewe, ili simu nyingine ikiharibika usirudi tena daftarini. Kabla hujaondoka, ipige nambari hiyo mkiwa mmesimama pamoja pale kaunta, uisikie simu yake ikilia, ndipo uihifadhi.